Mama Anarudi Saa Ngapi

Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, wifi yake alimfuata mpaka karakana ya hospitali. Alimkuta amelala chali chini ya kitanda cha wagonjwa, bisibisi mdomoni, anahangaika na pedali iliyogoma kukiinua. Wifi hakungoja kukaribishwa. Alivuta kiti cha plastiki, akapakata pochi yake, akasema kilichomleta: katika wasichana sitini na wawili wa darasa la saba, waliojiandikisha kwenye klabu ya sayansi na teknolojia walikuwa wanne. Na kati ya hao wanne, mmoja alijiandikisha kwa sababu alisikia klabu hiyo inagawa biskuti.

Wifi huyo, dada wa mume wake, alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mwenyewe wa chini ya kitanda, hospitali nzima ilimwita Fundi, na walishazoea jina hilo kiasi kwamba hata barua za kikazi zilimfikia zikiwa zimeandikwa hivyo hivyo. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na tisa. Alitengeneza kila kitu kinachokwenda kwa umeme, hewa au springi: mashine za oksijeni, vitanda vya joto vya watoto njiti, mashine za kufyonza makohozi, mizani, vipimo vya presha. Zamani walikuwa watatu katika karakana ile. Mmoja alihama, mwingine alistaafu, na barua ya kuomba watu wa kujaza nafasi zao ilijibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu linashughulikiwa.

Fundi alijibu kutoka chini ya kitanda kwamba hana nguvu ya kwenda kuzungumza na wasichana. Hakuwa anatia chumvi. Alishaitwa kwenye mikutano ya namna hiyo mara tano au sita, kwa kuwa alikuwa mwanamke pekee mwenye spana ambaye watu wa mji ule walimfahamu. Kila mara aliambiwa aseme mambo ya kuwatia moyo wasichana, na kila mara alirudi akiwa amechoka kuliko alivyokwenda, huku kazi imemlimbikia. Mara moja walimvisha kofia ngumu ya watu wa ujenzi, ambayo kwenye kazi yake haina maana yoyote, wakampiga picha ameshika waya usiounganishwa na kitu. Picha ile bado ilikuwa ukutani mahali fulani. Kila akiikumbuka mwili ulimwasha.

Wifi hakubishana naye. Alifungua pochi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ambayo shule iliwapa wasichana wote waijaze. Swali la kwanza liliuliza ungependa kufanya kazi gani ukiwa mkubwa. La pili liliuliza ni kazi gani usingependa kabisa kuifanya. Fundi alitoka chini ya kitanda, akajifuta mikono, akaisogeza karatasi mbali na macho ili aweze kuisoma. Mwandiko aliutambua kabla hajasoma neno. Ulikuwa wa binti yake. Swali la kwanza alikuwa ameliacha wazi. Kwenye la pili aliandika maneno matatu: Kazi ya mama.

"Sikukuletea hii nikuumize," wifi akasema. "Nimekuletea kwa sababu wenzake waliisoma, wakacheka, halafu wawili wakaandika hivyo hivyo. Kila siku naimba darasani kwamba sayansi ina maisha mazuri, na wao wana mfano wao nyumbani kwa mwenzao."

Fundi aliikunja karatasi ile kwa mistari yake ileile, akamrudishia. Akauliza anatakiwa lini.

*

Alikwenda Alhamisi mchana, akiwa amevaa gauni badala ya ovaroli, na viatu vilivyombana kwa kukaa muda mrefu bila kuvaliwa. Ofisi ya elimu ilikuwa imetuma hotuba iliyochapwa, kurasa tatu, na mwalimu mkuu alimwomba asome hiyo ili wasipishane na mpango. Basi akasoma. Alisoma kwamba ulimwengu wa leo ni wa teknolojia, kwamba msichana anaweza, kwamba mlango uko wazi na kilichobaki ni kuingia. Alijisikia anavyosoma. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma maelezo ya nyuma ya chupa ya dawa.

Wasichana walikuwa na adabu. Walikaa wima ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili mmoja akaanza kusuka nywele za aliyekuwa mbele yake, kidogo kidogo, mikono ikiwa chini ili isionekane. Binti yake alikaa nyuma kabisa karibu na dirisha, macho kwenye dawati. Hakuinua uso hata mara moja.

Hotuba ilipokwisha, mwalimu mkuu akauliza kama kuna maswali. Kukawa na kimya kile cha watu wanaosubiri kengele. Kisha mkono mmoja ukanyooka. Ulikuwa wa msichana mwembamba aliyekaa safu ya pili, ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kizimio. Aliuliza, "Mama, wewe unarudi nyumbani saa ngapi?"

Hilo halikuwa kwenye kurasa tatu. Fundi alifungua mdomo, akaanza kutafuta siku ya kutolea mfano. Jana alirudi saa ngapi? Na juzi? Kabla hajapata, sauti ilitoka nyuma karibu na dirisha.

"Inategemea kilichoharibika," binti yake akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi. "Kikiwa kidogo, anatukuta tumeshakula. Kikiwa kikubwa, anatukuta tumeshalala."

Darasa liliangua kicheko, wengine mpaka wakalaliana mabegani. Fundi naye alijaribu kucheka, midomo ikakataa. Binti yake hakucheka. Alikuwa ameinua uso sasa, akimwangalia mama yake moja kwa moja, na yule mama aliona kwamba mtoto ameshangaa mwenyewe kwa alichokisema na hajui akirudisheje.

Mwalimu mkuu aliwaomba wapige makofi, wakapiga. Wifi alimsindikiza mpaka getini. Walipofika, alimshika mkono akamwambia kwamba kosa ni lake, kwamba hatamsumbua tena. Alionekana mzee siku ile. Alisema mwalimu mkuu ameshaanza kusema kwamba kama klabu haina watu ni bora chumba chake kifanywe stoo.

Siku hiyo Fundi hakurudi kazini. Aliwapigia simu wodini, akasema wamtafute kesho isipokuwa mtu anakata roho, akaenda nyumbani. Mume wake alikuwa fundi cherehani, na kazi zake alizifanyia kwenye chumba cha mbele, kwa hiyo ndiye aliyepika, ndiye aliyefua, ndiye aliyejua mtoto anaumwa jino gani. Watu walizoea kuwatania kwamba ni nyumba ya mafundi wawili yenye mlango usiofungika. Ilikuwa kweli. Kitasa kilikuwa kimelegea miaka miwili.

Alimsimulia yote. Mume aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema kwamba mtoto hakukosea. Angalia vizuri alichoandika, alisema. Hakuandika kwamba hataki mashine, wala hakuandika kwamba hataki hesabu. Ameandika kazi ya mama. Hizo si kitu kimoja.

Fundi alikaa na maneno yale. Binti aliporudi kutoka shule alipita mbele yao kimyakimya, akaweka mkoba, akaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Mama yake alimfuata, akasimama mlangoni.

"Samahani," binti akasema, akiwa amempa mgongo. "Limenitoka tu."

"Ni kweli lakini."

"Ndiyo."

"Jumamosi nitamwambia shangazi yako awalete wanaotaka kuja. Si kwa hotuba. Waje karakana. Nawe naomba uje." Aliona mabega ya mtoto yakipanda. "Sikuombi uipende. Hujawahi kuiona hiyo kazi. Unachokiona ni mimi nikirudi."

Binti alisuuza sahani ileile mara mbili. Kisha akasema atakuja, lakini asipigwe picha.

*

Walikuja saba. Wifi aliwavusha barabara kwa mstari kama vifaranga, akawapitisha nyuma ya jengo la kufulia, ambako mvuke ulitoka kwenye bomba na mashuka yalikuwa yanazunguka nyuma ya vioo vya mviringo, mpaka kwenye mlango wa bati wa karakana. Ndani palikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja kubwa. Ukuta wa kushoto ulikuwa na vifaa vilivyopona, wa kulia vilivyokuwa vinasubiri, na wa kulia ulikuwa umejaa mpaka kwenye mlango. Kila kifaa kilikuwa na kijikaratasi cha tarehe. Redio alianza kuzisoma kwa sauti, akafika kwenye moja ya mwaka juzi, akairudia mara mbili.

Fundi hakuwaeleza habari ya milango iliyo wazi. Aliwapa bisibisi. Katikati ya meza alikuwa ameweka mashine ya oksijeni iliyokufa, kubwa kama kabati dogo la kitandani, akawaambia waifungue, na skrubu waziweke kwenye vifuniko vya chupa kwa mpangilio, la sivyo watazitafuta mpaka wazeeke. Wakaifungua. Akawaonyesha inapovuta hewa, hii hii tunayovuta sote, inapochujwa vumbi, kompresa inapoishindilia, na mitungi miwili ya ndani iliyojaa punje nyeupe kama mchele uliovunjika. Punje hizo, alisema, zina kazi moja tu. Hewa ikipita, zinakamata sehemu isiyotakiwa na kuachia oksijeni ipite. Mtungi mmoja ukikamata, mwingine unapumzika na kutema. Halafu inapokezana. Ndiyo maana mashine ile ikiwa nzima husikika kama mtu anayehema.

"Na zenyewe hazichoki?" Redio akauliza.

"Zinachoka," Fundi akasema. "Zikichoka hazikwambii."

Hawakuwa wamefika nusu saa simu ilipolia. Ilikuwa wodi ya watoto. Mashine yao moja ilikuwa inawaka taa nyekundu, na mtoto aliyekuwa anaitegemea wamemhamishia kwenye mtungi mkubwa wa akiba. Hewa ya mtungi huo ingetosha mpaka jioni tu. Baada ya hapo hapakuwa na mwingine.

Fundi aliondoka na kitoroli. Alipogeuka aliona binti yake na Redio wako nyuma yake, akawaambia wabaki nje ya mlango wa wodi, wasiguse kitu. Walibaki. Kupitia kioo waliona kitanda chenye mtoto mdogo sana na bibi yake ameketi pembeni amemshika kidole cha mguu, basi, kidole kimoja tu cha mguu, kama anayeogopa akiachia ataruka. Muuguzi mkuu wa wodi alisaidia kuipakia mashine. Hakuuliza itapona au haitapona. Aliuliza saa ngapi.

Karakanani Fundi aliiwasha na kuipima. Hewa iliyokuwa inatoka ilikuwa na oksijeni sehemu sitini na nane katika mia. Aliwaambia wasichana kwamba haifai kushuka chini ya themanini na mbili. Kisha akawapa kazi. Walichanganya sabuni na maji, wakapaka povu kwa brashi kwenye kila kiungo cha kila mpira, na kuangalia panapotoka kipovu, maana penye kipovu ndipo hewa inapovuja. Ilikuwa kazi ya kuinamisha shingo. Viungo vilikuwa vingi. Baada ya saa nzima walipata kimoja kinachotoa vipovu vidogo mno, wakapiga kelele za furaha, Fundi akakaza kiungo, wakapima tena. Sabini.

Ile furaha ikawatoka kama hewa kwenye puto. Wasichana watatu waliaga saa sita, walikuwa wametumwa sokoni na mama zao. Saa saba na nusu wengine wawili wakaondoka kwa sababu ya njaa, na hakuna aliyewalaumu. Wifi alikuwa kwenye kona anasahihisha madaftari, na kila baada ya muda kichwa kilimwangukia kifuani akashtuka. Walibaki Redio na binti. Redio alikuwa anazungumza bila kituo, habari za nyumbani kwao, jirani yao, mbwa wa jirani yao. Fundi aligundua kwamba haimkeri. Kwa miaka mitatu karakana ile ilikuwa na sauti ya redio ya kweli tu, na betri zake zilikwisha zamani.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafumba macho kidogo. Goti lilikuwa linamwuma. Aliwaambia hao wawili ukweli, kwamba hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, siyo pale pa kufungua skrubu. Hajui kilichoharibika. Ameshaangalia vitu vinane na bado hajui. Ataangalia cha tisa.

Binti yake alikuwa amesimama dirishani ameshika kichujio cha ndani cha mashine, kitu cha duara kama kifuniko cha chungu kidogo, anakiangalia kwenye mwanga. Fundi alimwambia hicho akiache, amekibadilisha wiki tatu zilizopita, hudumu miezi.

"Hili si vumbi," binti akasema.

"Ni nini?"

"Vumbi halishikani hivi. Hizi ni nyuzi. Ziko hivihivi chini ya cherehani ya baba, huwa nazitoa mimi kila Jumapili." Alichomeka ukucha akavuta utando wa kijivu, ukatoka mzima kama kipande cha blanketi. "Mashine hii inakaa karibu na nguo?"

Fundi aliuchukua utando ule, akausugua kwa vidole. Kisha akampigia simu muuguzi wa wodi. Ndiyo, muuguzi akasema, waliihamisha mwezi huu, wakaiweka pembeni ya kabati la mashuka, pale wanapokunjia. Kwani kuna ubaya?

Walibadilisha kichujio, wakaiwasha, wakasubiri. Redio alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Namba ilipanda polepole, sabini na tatu, sabini na sita, ikafika sabini na tisa, ikasimama hapo. Waliiangalia dakika kumi nzima. Haikusogea.

Binti alikaa chini sakafuni. Ilikuwa wazi kwamba alidhani yamekwisha. Mama yake aliijua sura ile, ya mtu aliyekaribia kabisa akakosa. Hakumwambia kwamba amefanya vizuri, ingawa alikuwa amefanya vizuri, kwa sababu kule wodini sabini na tisa haingemsaidia mtu. Alisema kwamba sasa angalau wanajua kilichobaki. Mashine ilikuwa imepumua nyuzi wiki tatu, kompresa imehangaika, joto na unyevu vimeingia, punje za ndani zimechoka. Punje mpya hazipo. Lakini pale mezani kuna mashine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Basi wakaanza kuhamisha mitungi ya mfu kwenda kwa mgonjwa. Kila kitu kilikataa kidogo. Nati moja iliota kutu, wakaimwagia mafuta na kungoja. Mpira mmoja ulikuwa mfupi. Redio alishika tochi mpaka mkono ukatetemeka, akabadilisha mkono, na binti alishikilia mtungi usizunguke wakati mama yake anakaza, nyuso zao zikiwa karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Haikuwa mara nyingi wao wawili kuwa karibu hivyo. Fundi aliona kwamba mtoto ana kovu jipya kidevuni, dogo, la kukwaruzwa na kitu. Hakujua lilitoka wapi. Hakuuliza, aliona aibu.

Saa kumi na dakika chache namba ilifika tisini na moja.

Waliipeleka wao watatu. Muuguzi mkuu aliipokea mlangoni, akaangalia namba, akasema asante, iwekeni mbali na kabati, halafu papo hapo akamwambia Fundi kwamba kipimo cha presha cha kitanda namba sita nacho kimeanza vituko. Basi. Kupitia kioo waliona bibi wa yule mtoto akigeuka kuangalia mashine, akarudisha macho kwa mjukuu.

Redio alichukia. Njiani kurudi alisema kwamba watu wale hawana shukrani, siku nzima, hata makofi. Fundi alicheka, kicheko cha kweli, cha kwanza wiki ile, akamwambia kwamba katika miaka kumi na tisa alipigiwa makofi kwa kusoma karatasi tu.

*

Mama na mtoto walirudi nyumbani kwa miguu. Kulikuwa bado na jua. Binti alitembea hatua moja mbele, kama kawaida yake alipokuwa anawaza, na Fundi hakuharakisha kumfikia kwa sababu goti halikuruhusu. Karibu na duka la viatu mtoto alisimama.

"Kwa nini uko peke yako mle ndani?"

Fundi alimweleza. Aliyehama, aliyestaafu, barua, jambo linashughulikiwa.

"Nani anashughulikia?"

Alitaka kujibu, akagundua hajui. Alijua namba za usajili za mashine mia mbili na kitu. Alijua kwa kusikia tu ni kompresa gani ina wiki moja ya kuishi. Lakini barua yake iko mezani kwa nani, hajui, na hajawahi kwenda kuuliza tangu mara ile ya kwanza. Kila siku kulikuwa na kilichoharibika.

"Bado sitaki kazi yako," binti akasema. Alisema kwa upole, akiangalia viatu dirishani. "Ile ya leo, ya kutafuta, sikuichukia. Lakini wewe unafanya kazi ya watu watatu, mama. Sitaki kuwa watu watatu."

Fundi alikuwa na majibu ya miaka yote. Kwamba lazima mtu ajitolee. Kwamba watoto wale wodini hawana kosa. Alijikuta ameyameza yote. Alimuuliza tu kuhusu kovu, na mtoto akasema ni uzio wa shule, mwezi uliopita.

Jumatatu aliosha mikono, akapanda ghorofani kwa mkurugenzi wa hospitali bila kuitwa. Alibeba daftari la karakana. Hakuwa msemaji, kwa hiyo alimsomea: kifaa, tarehe kilipoletwa, kimesubiri siku ngapi. Alisoma robo saa, mkurugenzi akimwomba aache, yeye akiendelea. Mwisho akasema kwamba kuanzia siku hiyo, ikifika saa kumi na mbili jioni anafunga, isipokuwa wodi ya watoto na ya wazazi. Mkurugenzi alimwambia kwamba yeye ni mtu wa pekee, hospitali haiwezi kwenda bila yeye. Fundi akajibu kwamba hilo ndilo analolalamikia.

Haikuwa rahisi hata kidogo. Wiki za kwanza watu wa maabara walimnunia. Daktari mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba hakutegemea hayo kutoka kwake, na maneno hayo alilala nayo siku kadhaa. Mara mbili alivunja sharti lake mwenyewe akarudi karakana usiku. Barua ile ilipatikana kwenye kabati la ofisi ambayo mwenyewe alishahamishwa. Miezi mitano baadaye akaletwa fundi mmoja, mwanamke wa makamo kutoka hospitali nyingine, mwenye mikono ya dhahabu na tabia ya kuimba vibaya. Nafasi ya tatu inashughulikiwa.

Kwa wifi mambo hayakugeuka kimuujiza pia. Wale saba walisimulia, hasa mmoja wao, na klabu ikafika wasichana kumi na moja, kisha wawili wakatoka walipojua hakuna biskuti. Chumba hakikufanywa stoo. Fundi alirudi darasani mara moja zaidi, na ovaroli yake, bila karatasi. Aliwaambia anarudi saa ngapi, akawaambia na habari ya goti lake. Aliwaambia wakisoma wakafika, wasikubali kuachwa peke yao chumbani, waulize nani anashughulikia na ofisi yake iko wapi, kwa sababu yeye alichelewa kuuliza. Mwalimu mkuu alikohoa. Wifi, aliyesimama ukutani, hakuonekana amechoka wakati ule.

Binti hakujiandikisha. Fomu ya muhula uliofuata aliiacha wazi tena, yote, hata swali la pili. Lakini Jumamosi alianza kujitokeza karakana, akisema kwamba nyumbani cherehani inampigia kelele. Redio alikuja pia, yeye bila kisingizio. Jumamosi moja waliwekewa mashine ya kufyonza makohozi iliyokuwa haivuti, wakaanza kubishana kama ni mota au ni mpira, huku yule fundi mpya akiimba upande wa pili wa chumba. Fundi alikuwa ameketi na kikombe cha chai. Aliona kabisa kwamba ni mpira, ufa ulikuwa unaonekana kutoka alipokaa, akataka kuwaambia. Alijiambia awape dakika mbili. Alipofumbua macho chai ilikuwa imepoa, jua limehama dirishani, mashine inavuta, na mtu alikuwa amemfunika miguu kwa shuka safi la kutoka kufuliwa. Alibaki amekaa vilevile kwa muda, akiwasikiliza wanavyogombana juu ya mashine inayofuata.